Kijiko cha Bi. M. Jones

Pentrehesg
12 Machi 1978

Mjukuu wangu mpendwa Heledd,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye mvua. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto linajua hali ya hewa kabla ya redio. Natumaini wewe na wazazi wako hamjambo huko Cardiff, na kwamba ule mtihani wa kemia ulipita bila kuua mtu. Kondoo wa jirani yangu Trefor wameanza kuzaa. Trefor halali, na mtu asiyelala huongea sana, kwa hiyo na sisi hatulali.

Nina jambo la kukueleza ambalo sitaki baba yako alijue kwanza. Si jambo baya. Majira ya baridi yote haya nimekuwa nikichonga kijiko. Si cha supu. Ni kijiko cha mapenzi, kama kile nilichomchongea marehemu bibi yako, kile kilicho juu ya meko. Nilimwambia bibi yako kwanza, pale kaburini, baada ya ibada. Sikusikia pingamizi.

Kijiko ni cha Mali Nyuki. Unamkumbuka, yule wa nyumba ya juu, mwenye mizinga kando ya ukuta wa mawe, aliyekupa sega la asali ukalitafuna pamoja na nta. Miaka hii miwili nimekuwa nikipanda kwake kununua nta ya kung'arishia mbao. Sasa nina nta ya kutosha kung'arisha viti vyote vya Bunge, na bado naenda.

Nimekichonga kwa tawi lililoangushwa na upepo nyuma ya kanisa, mti ule mweupe usio na harufu. Mnyororo wa pete umetoka katika mti huo huo mmoja, hakuna gundi. Mahali ambapo wengine huweka mioyo, mimi nimeweka nyuki wawili. Chini kuna herufi zake, M na J.

Kijiko cha namna hii unatakiwa kukitoa kwa mkono wako. Najua. Nilipanda hadi langoni kwake mara mbili nacho mfukoni, na mara zote mbili nikarudi na nta. Basi leo nimekifunga kwa karatasi safi, nikaandika juu yake kwa heshima zote, "Bi. M. Jones", nikampa Glenys wa posta. Akikitundika ukutani, maana yake njoo unywe chai. Akikirudisha, maana yake baki na mti wako.

Niombee.

Babu yako,
Idwal


Cardiff
17 Machi 1978

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi sote hatujambo. Mama ana mafua lakini anakana. Pole na goti.

Barua yako niliisoma chooni shuleni ili mtu asiuone uso wangu, kisha nikaisoma tena maktaba. Nimefurahi mpaka nimeshindwa kula. Sijamwambia Baba. Nimetafuta kitabu kuhusu vijiko hivyo. Kinasema gurudumu ni kusema "nitakufanyia kazi" na tundu la ufunguo ni kusema "nyumba yangu ni yako". Kuhusu nyuki hakisemi chochote, kwa hiyo nadhani hayo ni maneno yako mwenyewe. Hilo limenipendeza zaidi.

Jambo moja tu, Babu. Kwa nini umemwandikia "Bi. M. Jones" kama barua ya benki? Mtu aliyemchongea mtu nyuki wawili angeweza kuandika "Mali". Lakini nani mimi wa kusema. Kuna mvulana darasani kwetu ambaye nimeketi nyuma yake tangu Septemba, na neno pekee nililowahi kumwambia ni "samahani", tena nilikuwa nimepiga chafya.

Habari nyingine ni mbaya. Mwalimu wa fasihi ameniandikisha kukariri shairi mbele ya shule nzima mwezi wa tano. Nilimwambia koo linauma. Akaniuliza, "Litauma mpaka mwezi wa tano, Heledd?"

Niandikie mara tu utakapokunywa chai.

Mjukuu wako,
Heledd


Pentrehesg
2 Aprili 1978

Heledd, mjukuu wangu,

Natumaini mafua ya mama yako yamekubali kuwa mafua. Huku afya ipo. Akili ndiyo sijui.

Juzi niliingia dukani kwa Morfudd kununua kiberiti. Morfudd Duka unamjua, yule mjane mwenye ulimi, aliyekuuliza zamani kama huwa unasema au huwa unaandika tu. Nikainua macho. Juu ya kaunta, kati ya makopo ya biskuti na kalenda ya chama cha wafugaji, kijiko changu kinaning'inia.

Mwanangu, nilishika kaunta.

"Aa, Idwal," akasema Morfudd, "leo umekuja kwa miguu yako. Nilidhani utatuma posta tena."

Wanawake wawili waliokuwa kwenye viazi wakaacha viazi.

"Nyuki wazuri," akasema. "Au ni nzi?"

"Nyuki," nikasema.

"Kumbe unajua kusema. Jumapili, saa kumi. Njoo na njaa."

Nilitoka bila kiberiti. Nikamkuta Glenys kwenye kibanda cha simu akingoja mvua ipungue, nikamuuliza amenifanya nini. Alinitazama kama mbwa aliyepigwa bila kosa. "Mimi? Tangu lini hapa Pentrehesg mtu akaitwa Bi. M. Jones? Tuna akina Jones kama tulivyo na mawe! Ungeandika Mali Nyuki ningepanda mlima huu huu kwenye barafu. Lakini Bi. M. Jones ni mtu anayeandikiwa na serikali, na hapa M. Jones anayeandikiwa na serikali ni Morfudd. Ana leseni ya tumbaku."

Mwenye kosa ni mimi na heshima zangu. Niliacha zamani kutengeneza milango na bado wananiita Idwal Milango hata kwenye matangazo ya mazishi, halafu mimi nakaa mezani naandika "Bi. M. Jones".

Jana nilipanda kwa Mali. Habari ilikuwa imenitangulia. Alinipimia nta, akaifunga, akachukua hela bila kunitazama. "Hongera," akasema. Akarudi kwa nyuki wake.

Sina la kuongeza.

Babu yako,
Idwal


Cardiff
8 Aprili 1978

Babu mpendwa,

Shikamoo, na pole sana. Sisi wazima. Mimi nililia kidogo, kisha nikacheka kidogo kwa sababu ya leseni ya tumbaku, kisha nikaona aibu kwa kucheka.

Nimefikiri sana. Ni lazima umwambie Bi. Morfudd ukweli Jumapili ijayo, kabla hajazoea. Kila wiki inayopita kijiko kinazidi kuwa chake. Ili usikwame nimekuandikia hotuba, iko kwenye karatasi ya pili. Ni fupi. Inaanza, "Morfudd, wewe ni mtu mwema na mimi ni mtu mjinga." Nimeisoma mbele ya kioo na inachukua muda mdogo kuliko kumimina chai.

Tafadhali usiisome kutoka mfukoni. Ikariri.

Mjukuu wako akupendaye,
Heledd


Pentrehesg
30 Aprili 1978

Heledd mpenzi,

Nasikitika kuchelewa kujibu. Sote wazima. Wanakondoo wa Trefor wako nje na wanaruka kama wamelipwa.

Hotuba yako ni nzuri mno. Nimeikariri. Naisema vizuri sana kwenye ngazi, na bandani, na njiani kuteremka kwa Morfudd. Nikifika mlangoni inabaki nje pamoja na mwavuli.

Jumapili ya kwanza baada ya barua yako nilifika mpaka "Morfudd, wewe ni mtu mwema". Akasema, "Najua. Kula." Akanikatia mkate wa zabibu, siagi juu yake nene kama godoro.

Jumapili iliyofuata sikufika hata hapo, kwa sababu alianza kuniuliza maswali. Si maswali ya hali ya hewa. Aliniuliza bibi yako alikuwa akicheka vitu gani. Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nikamweleza siku ile mchungaji alipokalia keki, na nikaendelea kusema mpaka kukawa na giza. Nilisikia sauti ikiongea, nikageuka nione ni nani.

"Angalia," akasema Morfudd, "bubu amepona."

Tena husahihisha. Nikisema nikiangalia chini, anagonga meza kwa kijiko cha chai. "Uso huu hapa, Idwal. Sakafu hainunui kitu dukani kwangu." Yeye huongea nami kama Trefor anavyomfundisha mbwa mchanga. Sikatai kwamba nimecheka huko kuliko nilivyocheka miaka mingi. Ndiyo maana inanikaba zaidi. Kila anaponikatia mkate namwona mtu ambaye nitamwumiza.

Sasa sikiliza lililo baya. Kwenye mlango wa kanisa kuna karatasi, mwandiko wa Mali: mizinga inauzwa. Anahamia kwa dada yake Shrewsbury mwisho wa Juni. Trefor amekwisha kuulizia bei.

Nta imebaki nyingi. Sina tena kisingizio cha kupanda kule.

Babu yako,
Idwal


Cardiff
4 Mei 1978

Babu,

Shikamoo. Wazima.

Nisamehe kwa nitakayosema, maana sijawahi kusema na mtu mzima hivi. Mwisho wa Juni si mbali. Akishahamia Shrewsbury huwezi kwenda kununua nta. Na Bi. Morfudd naye ni mtu, hastahili kumkatia mkate mtu anayesema hotuba kwenye ngazi.

Usiposema, nitapanda basi nije niseme mimi. Unanijua nikisema mbele ya watu. Nitakuwa mwekundu, nitasema maneno matatu, na la tatu litakuwa "samahani". Je, unataka mapenzi yako yaamuliwe na mtu wa namna hiyo?

Mjukuu wako,
Heledd


Cardiff
28 Mei 1978

Babu mpendwa,

Shikamoo. Hujanijibu. Natumaini ni hasira tu na si goti. Baba anasema hujapiga simu, nikamwambia kibanda cha simu kiko mlangoni pa duka la Bi. Morfudd, akasema hilo linahusiana vipi, nikasema hata sijui.

Kama umekasirika, una haki. Nakuandikia tu habari zangu.

Ijumaa nilikariri lile shairi. Ubeti wa kwanza ulikwenda, wa pili ukaenda. Wa tatu ukanikimbia. Nilisimama pale kwenye jukwaa, shule nzima inanitazama, na nilisikia saa ya ukutani. Nikasema, "Ubeti wa tatu umenikimbia, lakini wa nne ni huu," nikausema wa nne, nikashuka. Watu walipiga makofi, wengine kwa kicheko. Babu, hakuna kilichotokea. Hilo ndilo nataka kukuambia. Miaka yote niliogopa jambo fulani litatokea, na jambo lenyewe lilikuwa kimya cha muda mfupi, kisha nikaenda kula chakula cha mchana.

Yule mvulana aliniambia, "Ubeti wa nne ulikuwa mzuri." Nikamjibu, "Asante, Rhodri." Maneno mawili kamili, na moja lilikuwa jina lake.

Mjukuu wako anayekungoja,
Heledd


Pentrehesg
11 Juni 1978

Heledd, mjukuu wangu mpenzi,

Salamu kutoka kwa mtu mzima wa afya, mwenye uvimbe mmoja sikioni. Nitafika huko. Waambie wazazi wako sote hatujambo, na baba yako sasa mwambie kila kitu, maana kijiji kizima kinajua.

Sikukasirika. Niliona aibu, na mtu mwenye aibu haandiki. Lakini barua yako ya shairi ilifika Jumamosi, na Jumapili nikateremka kwa Morfudd bila hotuba. Hata kabla ya kuvua kofia nikasema, "Morfudd, kijiko hicho hakikuwa chako."

Akaweka birika chini.

"Hatimaye!" akasema. "Nimekwisha kumaliza unga wangu wote kwa ajili yako, Idwal Milango."

"Ulijua?"

"Mimi niliumwa na nyuki nikiwa msichana nikalazwa siku kadhaa, kijiji kizima kinajua. Nani angenichongea nyuki? Nilijua nilipokunjua karatasi."

"Basi kwa nini ulikitundika?"

"Ningekurudishia, ungekitia kwenye droo, ukafa nacho. Ningempelekea Mali, ungekuwa umeoa kwa posta. Nikasema hapana, nitakitundika mahali mtu huyu hawezi kukikwepa, aje mwenyewe aseme. Sikujua ungechukua majira mazima."

Nikamwomba radhi. Akapangusa kaunta iliyokuwa tayari safi. Kisha akasema, akiangalia kaunta na si mimi, "Usiombe sana radhi. Jumapili moja hivi nilivaa bruchi ya mama yangu, ile pini yake ya kifuani. Nikajiambia, Morfudd, unavaa kwa ajili ya nani? Nikaivua kabla hujafika. Basi. Zilikuwa chai nzuri."

"Zilikuwa nzuri," nikasema. Nilisema nikimtazama usoni, kama alivyonifundisha.

Akapanda kiti, akakitoa kijiko, akakifuta vumbi kwa aproni. Nikadhani labda angenisindikiza. "Mimi si Glenys," akasema. "Nenda. Na ukirudi huku kunywa chai, njoo naye. Nimemkosa pia, tangu nikitundike hiki hajaingia dukani. Anatumwa mtoto wa Trefor kumnunulia sukari."

Nikapanda. Njia nzima nilijiambia ubeti wa kwanza, wa pili, wa nne.

Sasa, siku hiyo nyuki wa Mali walikuwa wameamua kuhama. Kundi zima lilikuwa limening'inia kwenye mti wa plamu kama soksi kubwa inayonguruma. Mali alikuwa amesimama kwenye ngazi, wavu usoni, glavu mkononi. Aliponiona akasema, "Usisimame tu! Shika kikapu, weka chini yao!"

Nikashika kikapu. Kijiko mfukoni.

"Mali," nikasema, "nina neno."

"Nini?"

"Nina neno!"

"Sisikii, nyuki hawa wanapiga kelele! Sema kwa sauti!"

Heledd, mimi ambaye maisha yangu yote sijawahi kuinua sauti isipokuwa kwa msumari, nilisimama chini ya mti ule na kikapu kichwani nikapiga kelele: "KILE KIJIKO KILIKUWA CHAKO! NILIANDIKA BI. M. JONES KWA SABABU NILIOGOPA KUANDIKA MALI!"

Barabarani Trefor, aliyekuwa anakuja kulipia mizinga, akasimama.

Mali alitikisa tawi, kundi likaanguka kikapuni kama unga mzito, na mmoja akaniuma sikio. Akashuka ngazi, akafunika kikapu, akainua wavu. Akanyoosha mkono. Nikampa kijiko.

Alikitazama muda mrefu. Akavuta pete za mnyororo moja moja. Akakigeuza kwenye mwanga.

"Idwal," akasema, "nyuki ana miguu mingapi?"

Nikafikiri. "Minne?"

"Sita. Miaka miwili unakuja hapa, na hujawahi kuangalia nyuki hata mmoja?"

Nikamwambia ukweli, kwamba nikija pale sikuwa nikiangalia nyuki.

Akawa mwekundu mpaka shingoni. Sikujua kwamba watu wa umri wetu bado hufanya hivyo.

"Nitaongeza miguu," nikasema.

"Utaongezaje? Mti haurudishiwi ulichokwisha kuuondolea. Hata mimi mtu wa asali najua hilo."

"Basi itabidi nichonge kingine."

"Kitachukua muda gani?"

"Majira ya baridi yote," nikasema. "Pengine mpaka Machi, nikichonga vizuri."

Akakitia kijiko kwenye mfuko wa aproni, akaufunga kifungo. "Hiki nakishikilia kwa sasa, mpaka kile cha kweli kije," akasema. Kisha akageukia barabarani, akapiga kelele zaidi yangu mimi: "Trefor! Rudi nyumbani na hela zako! Mizinga haiuzwi!"

Nimekwisha kuchagua tawi. Mjukuu wangu, nina ombi moja. Huko maktaba nitafutie kitabu chenye picha ya nyuki, ya karibu sana, miguu ihesabike. Mali ananiambia niende tu nikaangalie wale wa kwake, na nitakwenda, kesho na keshokutwa. Lakini nikiwa kule bado siangalii nyuki.

Babu yako mwenye sikio kubwa,
Idwal